Kuku wa uani: malisho na matunzo ya kienyeji, na pale yanapohitaji chanjo

Alfajiri katika vijiji vya Ganze, Magarini na Kaloleni, au hata mitaa ya Malindi mjini kama Shella na Maweni, jimbi huanza kuwika kabla watu hawajafungua milango. Mama hutoka uani, huondoa jiwe mlangoni mwa kizimba, humwaga konzi mbili za wishwa, na kuku hutawanyika kujitafutia. Hakuna daftari wala mizani. Lakini daftari na kalamu za mtoto, nauli ya kwenda hospitali na kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa vyote hutoka hapo. Kwa nyumba nyingi za Pwani kuku ndio akiba ya mama, akiba asiyohitaji kumwomba mtu ruhusa kuitoa.

Kila mfugaji wa kuku pia anaijua asubuhi nyingine. Anafungua kizimba, watatu wamejikunyata na mmoja amekwisha kufa. Kesho wanakufa sita. Wiki ikiisha ua limenyamaza na jimbi halisikiki tena.

Makala haya yanaeleza namna ya kulisha na kutunza kuku wa kienyeji kwa vitu vilivyomo majumbani mwetu. Ujuzi tuliourithi ni mwingi na unafaa. Hata hivyo kuna adui mmoja ambaye wazee hawakuwa na dawa yake, naye ni kideri. Bila kumkinga kuku na maradhi hayo, machicha, mchwa na kizimba kizuri ni kazi ya kumlisha kuku atakayekufa.

Kuku tulionao

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Alitoka Asia, na Bahari ya Hindi ni mojawapo ya njia alizofikia huku. Mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari ya kale ya Zanzibar iliyokuwa na shughuli zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Kwa hiyo ufugaji wa kuku ni mkongwe kama miji yetu.

Katika ua mmoja utaona kuku wa kila sura. Yupo kishingo, asiye na manyoya shingoni, ambaye huvumilia joto vizuri kwa sababu mwili wake hupoa upesi. Yupo kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kwa nyuma. Yupo kuchi, mrefu wa miguu na mwenye shingo ndefu, anayependwa Lamu, Mombasa na visiwa vya Zanzibar kwa ukubwa na ukali wake. Wengi waliobaki ni mchanganyiko tu. Wote hawa wana sifa tatu ambazo kuku wa kisasa amezipoteza: hujitafutia chakula, hutambua adui, na huatamia mayai yao wenyewe.

Anayenunua kuku chotara kama Kuroiler au Sasso ajue kwamba hao hukua haraka na kutaga zaidi, lakini hula zaidi na kwa kawaida hawaatamii. Ukiwachanganya na wa kienyeji bila mpango, vizazi vya mbele vitakosa makoo wa kuangua.

Chakula cha kuku

Mwana wa kuku hafundishwi kuchakura, na kweli kuku aliyeachwa huru hujipatia sehemu kubwa ya chakula chake: wadudu, mbegu za magugu, majani, mabaki ya jikoni. Shida ni kwamba chakura haina kipimo. Mvua ikinyesha kuna wadudu tele. Kaskazi ikikausha ardhi, kuanzia Januari hadi Machi, kuku huzunguka kutwa na kurudi na kifuko kitupu. Hapo hutaga kidogo, hukonda na maradhi humpata kwa urahisi. Ndiyo maana ya kile kidogo cha nyongeza.

Kipimo cha wazee bado kinafaa: kibaba kimoja cha nafaka au mchanganyiko wa nafaka kwa kuku 15 wakubwa kwa siku. Kigawe mara mbili. Asubuhi toa kidogo, ili waende kutafuta, na jioni toa kilichobaki. Kile cha jioni kina faida mbili, kwani huwafanya walale wameshiba, na huwavuta nyumbani wenyewe kabla ya giza. Ukiita kwa sauti ileile kila siku huku ukitikisa kibati, hutahitaji kumkimbiza kuku hata mmoja.

Chakula cha nguvu ni mahindi yaliyoparazwa, chenga za mchele, wishwa, pumba, mtama na makapi ya muhogo. Muhogo mchungu usiwape mbichi kwa sababu una sumu. Umenye, uukate vipande vidogo, uanike juani hadi ukauke kabisa au uuchemshe, ndipo uwape.

Chakula cha kujenga mwili ndicho kinachokosekana zaidi, na ndicho kinachomfanya mtetea atage na kifaranga akue. Bahati nzuri Pwani tunacho.

Mchwa ni chakula bora cha vifaranga. Chukua chungu kikuukuu au kibuyu kilichopasuka, ukijaze mabua, magunzi na samadi kavu ya ng'ombe, unyunyize maji, kisha ukifudikize juu ya tundu la mchwa wakati wa magharibi. Asubuhi kabla ya jua kuwa kali kifunue na kuwakung'utia vifaranga. Tundu moja litakulisha siku kadhaa, kisha uhamie jingine. Kumbikumbi wa mwanzo wa mvua nao waache wawapate wenyewe.

Vichwa na matumbo ya samaki, dagaa wasiouzika na maganda ya kamba hupatikana karibu bure katika mialo ya Malindi, Mayungu, Watamu na Kilifi. Vichemshe kwanza, kisha uvianike na kuviponda. Tahadhari moja: usiwape ng'onda wala maji yaliyolowekewa samaki wa chumvi. Chumvi nyingi humuua kuku, na mara nyingi mwenyewe hudhani amelogwa au ametegewa sumu.

Machicha ya nazi yana mafuta na humtia kuku nguvu, ila huchacha upesi kwa joto letu. Wape siku ileile tui lilipokamuliwa, au yaanike siku hiyo hiyo. Yawe kidogo, kwani yakizidi kuku huharisha.

Majani huwapa rangi nzuri ya kiini cha yai na afya ya macho. Mchicha, majani ya mlonge, majani ya kunde na papai bivu vyafaa. Ukimfungia kuku ndani kwa sababu yoyote, mning'inizie fungu la mchicha usawa wa kichwa chake alidonoe.

Kwa ganda la yai, mtetea anahitaji chokaa. Kusanya makombe ya chaza ufukweni, yachome kidogo motoni yawe laini, uyaponde na kuyaweka kwenye kifuu pembeni. Kuku atakula kiasi anachohitaji. Maganda ya mayai pia yafaa, mradi yameanikwa na kusagwa. Ukiwapa makubwa wataonja ladha ya yai na kuanza kula yao wenyewe.

Jambo ambalo wengi hulichukulia kirahisi ni mahindi yenye kuvu. Watu husema, "Hayo wapeni kuku." Sumukuvu iliyomo ndani yake ndiyo ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao katika Makueni na Kitui. Kuku hudhoofika nayo polepole na kufa, hasa vifaranga. Mahindi yaliyoota kuvu yafukie au yachome.

Maji

Kuku hunywa kiasi cha mara mbili ya anachokula kwa uzito, na katika joto la kaskazi hunywa zaidi ya hapo. Wengi wetu humwachia kuku atafute maji kwenye mtaro wa bafu au dimbwi la kisimani, na huko ndiko anakookota minyoo na kuhara. Weka chungu kipana cha udongo chini ya kivuli, kwa sababu udongo hupoza maji. Kwa vifaranga tumia sahani ya chini yenye kokoto ndani ili wasizame. Badilisha maji kila asubuhi na usugue chombo kwa majivu.

Kizimba

Kuku anahitaji pa kulala zaidi kuliko pa kushinda. Kizimba cha fito na udongo, kilichoezekwa makuti, kinatosha kabisa na kina ubaridi kuliko cha mabati. Kwa kulala tu, hatua moja ya mraba inatosha kuku watano hivi. Kiinue kutoka ardhini kwa nguzo za kiasi cha goti au zaidi. Zivishe nguzo hizo vipande vya bati vilivyokunjwa kama kofia, ili panya na nyoka wasipande. Acha nafasi za kupitisha hewa kwa juu, lakini nyembamba kiasi cha kumzuia nguchiro, kicheche na fungo. Elekeza mlango mbali na upepo wa kusi wenye mvua.

Ndani weka vijiti vya mviringo vya kukalia, kwa kuwa kuku hupenda kulala juu. Fagia kinyesi angalau mara moja kwa wiki na ukitie shambani. Ni mbolea kali, kwa hiyo iache iive kabla ya kuiweka kwenye mboga. Pembeni mwa ua acha shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu. Kuku akioga vumbi hilo hujitoa chawa na utitiri mwenyewe.

Kuatamia na kulea vifaranga

Jimbi mmoja hutosha mitetea 10. Umbadilishe kila baada ya mwaka au miwili kwa kubadilishana na mtu wa mbali kidogo. Jimbi akipanda binti zake na wajukuu, vifaranga hutoka dhaifu.

Koo wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha huatamia. Chagua ya wastani, yasiyo na ufa, yasiyozidi siku 10 tangu kutagwa. Yahifadhi mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini, na usiyaoshe. Kiota kizuri ni pakacha au nusu ya kapu lenye mchanga mkavu chini na nyasi laini juu. Wengi huchanganya na majani ya muarubaini kufukuza utitiri. Mayai 10 hadi 12 yanatosha koo wa wastani. Ukimzidishia, ya pembeni hupoa.

Siku ya saba hivi, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Lenye mishipa na doa jeusi lina uhai. Lililo wazi kama maji halina kitu, liondoe. Siku ya 21 vifaranga huanguliwa. Mayai yaliyobaki viza baada ya siku mbili zaidi yafukie.

Kazi ngumu huanza hapo. Koo mmoja huangua kumi, na mwezi ukiisha amebaki na watatu. Mwewe, kenge, paka, baridi ya mvua na njaa ndio waliochukua wengine. Dawa yake ni kutowaachia huru mapema. Wafunike kwa tenga pana au kizimba kidogo cha fito, kivulini, pamoja na mama yao, kwa wiki nne za mwanzo. Watoe saa chache tu mtu akiwepo, na si asubuhi yenye umande. Walishe mara nne au tano kwa siku: chenga, mchwa, dagaa waliosagwa laini.

Kuna hila ya wafugaji wazoefu. Ukiwa na makoo wawili au watatu wanaotaka kuatamia, waanzishe siku moja. Wanapoangua, mpe mmoja vifaranga wote usiku, naye hatatambua tofauti. Waliobaki watarudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kuzunguka na watoto miezi mitatu.

Wadudu na maradhi madogo

Viroboto wa kuku hung'ang'ania machoni na kwenye upanga, na kifaranga aliyejaa viroboto hupofuka na kufa. Wapake mafuta ya nazi mazito juu yao ili wakose pumzi, kisha ufagie kizimba, uchome takataka na kumwaga majivu sakafuni. Papasi hujificha kwenye nyufa za miti na hutoka usiku, kwa hiyo ziba nyufa kwa udongo na chokaa.

Ndui ya kuku huja zaidi wakati wa mvua kwa sababu mbu huieneza. Utaona vipele vyeusi vya kukauka kwenye upanga na kando ya mdomo. Tenga mgonjwa, mpe chakula laini, na vidonda viache vikauke. Chanjo yake ipo. Vifaranga wakiharisha damu, sababu ya kawaida ni sakafu mbichi. Kausha mahali pao na ununue dawa ya kuhara damu katika duka la dawa za mifugo.

Wazee hutia mshubiri, pilipili au majani ya muarubaini kwenye maji ya kunywa. Si vibaya kama kuku wanakunywa. Ila tusijidanganye kwamba maji hayo yanazuia kideri.

Kideri, wengine huita mdondo

Maradhi haya kwa lugha ya madaktari huitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza yalikotambuliwa mwaka 1926. Kenya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, karibu na Mombasa. Yaani yaliingilia kwetu. Husababishwa na kirusi, na kirusi hakina dawa ya kukiua ndani ya mwili wa kuku. Vidonge vya binadamu ambavyo watu hupasua na kutia kwenye maji havisaidii, na huwafanya vijidudu vingine kuzoea dawa.

Dalili ni hizi: kuku hujikunyata, huhema kwa shida, huharisha rangi ya kijani, mbawa hulegea, na wengine shingo hujipinda na kuzunguka. Katika ua lisilo na chanjo, karibu kuku wote hufa ndani ya siku chache. Mlipuko huonekana zaidi wakati wa joto na ukavu na mvua zinapoanza. Huonekana pia kuku wanaponunuliwa na kusafirishwa kwa wingi kabla ya Krismasi, Pasaka na Idi. Mtu akiona wa kwanza amekufa huharakisha kuwauza waliobaki, na matenga hayo ndiyo yanayoupeleka ugonjwa kijiji cha pili.

Kinga ipo na ni rahisi. Taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, huitengeneza humu nchini. Mojawapo ya aina zake ni ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, lakini jua huiharibu, kwa hiyo ibebe kwenye chombo cha ubaridi na uifunike.

Utaratibu ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Mshike kichwa hadi tone liingie na afumbe jicho. Chanja jioni au alfajiri wakiwa bado kizimbani, usimwache hata mmoja. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kukamilika. Aliyekwisha kuugua hatapona kwa chanjo, kwa hiyo usisubiri kusikia kwa jirani.

Kikwazo cha wengi ni kwamba kichupa kimoja kina dozi za kuku mia au zaidi, na kikishachanganywa hakilali hadi kesho. Mwenye kuku 12 huona ni hasara, basi huacha. Lakini kuku wetu hawajui mipaka ya ua, wanachakura pamoja. Nyumba nane au kumi zikichanga, kichupa kimoja kinatosha na gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo kuliko bei ya yai chache. Vyama vya kina mama tunavyo tayari, vya kuchangiana sherehe na misiba. Siku ya chanjo iwe ajenda mojawapo. Mwiteni afisa wa mifugo wa wadi awaonyeshe mara ya kwanza, kisha kijana mmoja mwenye mkono mwepesi aendelee.

Kwa hali ya hewa ya Kilifi, miezi mitatu inakumbukika: Machi kabla ya mvua za masika, Julai, na Novemba kabla ya biashara ya Desemba. Idi huhama kila mwaka, basi hakikisheni chanjo imetangulia wiki mbili kabla yake.

Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo ina hekima ya tabibu: kuku uliyemnunua sokoni au uliyepewa zawadi mfunge pembeni, mbali na wako, wiki mbili, ndipo umwachie. Aliyekufa kwa kideri mfukie shimo refu au mchome. Usimtupe kichakani, usimchinje kwa kuokoa nyama, na usimuuze.

Ua likishanyamaza

Aliyepoteza kuku wote asikate tamaa, wala asinunue wengine kesho yake. Safisha kizimba, choma matandiko, mwaga chokaa, acha jua likiingie mwezi mzima. Kisha ianze upya ile desturi yetu nzuri ya kumpa jirani mtetea amfugie, wakagawana vifaranga. Ila safari hii, kabla mtetea hajatoka ua moja kwenda jingine, awe amepata tone lake la jicho wiki mbili nyuma.